Mwendo wa Paukwa

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Haloo alikaa kitandani akisikiliza nyumba inavyoamka. Alisikia mashine ya kufumia ya mkewe chumba cha mbele: kra-kra, kra-kra. Alisikia kifuniko cha birika kikicheza. Alisikia ndege mmoja juu ya bati, akitembea kama mtu aliyeazima viatu vikubwa.

Jina la Haloo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na kazi. Alikuwa mpokea simu katika ofisi ya maji. Simu ikilia, alisema, "Haloo, ofisi ya maji, tukusaidie nini?" Alisema hivyo siku nzima, mwaka hadi mwaka, mpaka watu wakasahau jina lake jingine.

Haloo alikuwa haoni. Miaka saba iliyopita ugonjwa wa macho ulimpunguzia mwanga kidogo kidogo, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba, moja baada ya jingine. Tangu hapo masikio yake yalifanya kazi ya watu wanne. Kwenye simu alijua nani amepanda ngazi mbio, nani alilia jana, na nani anatabasamu.

"Pumzi haijui kusema uongo," alizoea kusema.

Kitu kimoja tu kilimuuma. Tangu aache kuona, kila mahali alikwenda kwa hatua za mtu mwingine. Mkono wake ulikaa juu ya bega la mtu, na watu wakamwambia, "Pole pole, usije ukaanguka." Lakini usingizini alikimbia. Aliota barabara ndefu, nyeupe, na miguu yake ilikuwa miepesi kama nguo iliyoanikwa penye upepo. Kila alipoamka, alisubiri barabara ile iondoke.

Siku moja alimsimulia shemeji yake ndoto hiyo. Shemeji huyu alikuwa mdogo wa mkewe. Alipeleka barua za posta nyumba kwa nyumba, na wote walimwita Tarishi. Alikuwa na miguu mirefu, na ulimi mrefu kuliko miguu.

"Basi tukimbie," alisema Tarishi.

"Shemeji, unanitania."

"Utani ni wetu, lakini hili si utani. Baada ya miezi sita kuna mbio za marathoni hapa mjini. Kilomita arobaini na mbili na kidogo. Wewe utakuwa miguu, mimi nitakuwa macho."

"Na miguu yako wewe?"

"Yangu nitaibeba."

Mke wa Haloo alicheka hadi mashine ikasimama. Kisha akachukua uzi mzito mwekundu, akafuma kamba fupi, urefu wa kiganja na nusu. Kwenye kila ncha aliweka kitanzi. Kimoja kilikuwa cha mkono wa mumewe, kingine cha mkono wa mdogo wake.

"Haya," alisema. "Nimewafunga pamoja watu wawili wasiojua kutulia."

Wakaanza. Siku mbili za wiki walikimbia mbio fupi baada ya kazi. Jumapili asubuhi walikwenda mbio ndefu. Walikuwa wamesikia kwamba kila anayejiandaa kwa marathoni hufanya hivyo. Siku moja katika wiki hukimbia mbali, ili mwili uzoee kwenda kwa saa nyingi. Hilo walilijua. Walichokuwa hawakijui ni namna ya kuzikimbia.

Tarishi alivaa saa mkononi. "Jumapili hii lazima tuishinde Jumapili iliyopita," alisema. Na mbio zikawa hivyo. Jumapili ya kwanza walikimbia kilomita nane, ya pili kumi na mbili, ya tatu kumi na saba. Kila mara walikwenda kwa kasi zaidi kuliko mara iliyopita.

Tena walipatana kitu kimoja. "Tusiongee njiani," alisema Tarishi. "Maneno yanakula pumzi." Kwa hiyo walizungumza kwa kamba. Mvuto mmoja, kushoto. Miwili, kulia. Mitatu, kuna ukingo mbele, inua mguu.

Na mke wa Haloo, kwa mapenzi yake, alimnywesha mumewe jagi zima la maji kila mara kabla ya kutoka. "Unywe, mwenzangu. Huko mbali." Haloo alikunywa ili amfurahishe. Tumbo lake lilicheza njia nzima kama debe lililojaa nusu.

Hizo hazikuwa mbio za ndotoni. Barabara ilikuwa kama bomba refu lenye giza. Alisikia vishindo vya viatu, na pumzi ya Tarishi ikikwaruza kama msumeno. Masikio yake yalimwambia, "Haloo, hapa kuna jambo." Lakini alinyamaza. Aliogopa kwamba akiuliza, kamba itafunguliwa na ndoto itaisha.

Jumapili ya nne walikwenda kilomita ishirini na mbili. Walipokaribia nyumbani, Tarishi hakuona vizuri tena kwa uchovu. Ukingo wa barabara ulipofika, aliuona, lakini mkono wake ulichelewa. Alivuta kamba mara moja, akaivuta tena, na kabla hajaivuta mara ya tatu Haloo alikuwa chini.

Goti lilichubuka. Viganja vilichubuka. Kidevu kilipasuka. Tarishi alipiga magoti kando yake akahema, na hata neno "pole" halikutoka. Lilichelewa kama barua ya msimu wa mvua.

Mfagiaji wa barabara aliacha ufagio wake. Alimwagia Haloo maji ya kunywa, yake mwenyewe, juu ya viganja. Kisha akavua kofia yake akaiweka chini ya goti lile, lisiguse mchanga. Alikuwa hamjui. Akawasindikiza hadi mlangoni, na hakungoja asante.

Mke wa Haloo hakupiga kelele. Aliifua kamba nyekundu, akaikamua, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Kamba iko msumarini," alisema. "Na msumarini itakaa."

"Mke wangu..."

"Bwana Haloo, miaka saba nimehakikisha hujikwai hata kwenye mkeka. Leo unaletwa nyumbani na mfagiaji."

"Dada, kosa ni langu," alisema Tarishi.

"Wewe nyamaza, farasi wa posta."

Mchana ule Haloo alilala. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuota barabara. Aliota msumari.

Kesho yake walikwenda zahanati wote watatu. Nesi aliyesafisha kidonda alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono laini na kicheko cha karibu. Kila alipogusa penye maumivu alitangulia kusema, "Sasa naja, ndugu yangu." Haloo alilipenda hilo. Watu wengi humgusa mtu asiyeona bila kubisha hodi.

"Mlikuwa mnaongea nini mpaka mkaanguka?" aliuliza nesi.

"Hatuongei," alijibu Tarishi.

"Mmegombana?"

"Hapana. Tunatunza pumzi."

Nesi aliweka pamba chini. "Mwongozaji bubu na mkimbiaji asiyeona! Dada yangu, hiyo ni kuziba mlango na dirisha halafu unauliza mbona nyumba ina giza." Akacheka, kisha akavuta kiti. "Unene huu mnaouona umeshakimbia marathoni nne. Nisikilizeni. Mbio ndefu za mazoezi si mashindano. Hamkimbii kumshinda mtu, wala kuishinda Jumapili iliyopita. Mnaufundisha moyo na miguu kukaa barabarani muda mrefu. Somo hilo mwili hulishika ukienda taratibu. Mkienda kasi kila wiki, mtaumia kabla siku haijafika."

"Taratibu ni kiasi gani?" aliuliza Haloo.

"Mwendo wa kuongea. Uweze kusema sentensi nzima bila kuikata. Mnajua hadithi?"

"Huyu?" alisema mke wa Haloo. "Huyu shida ni kumnyamazisha."

"Basi dawa yenu ni hadithi. Mkiwa njiani, mmoja aseme 'Paukwa!' Mwenziwe ajibu 'Pakawa!' na hadithi iendelee. Jibu likitoka lote, mwendo ni mzuri. Likitoka 'Pa...' halafu pumzi, punguzeni. Likikosekana kabisa, tembeeni mpaka lirudi. Kutembea si aibu."

Tarishi aliitazama saa yake mkononi kama mtu anayemtazama rafiki aliyemdanganya.

"Na wewe usimvute," aliendelea nesi. "Mwongozaji havuti. Mwendo ni wa huyu, wewe mpe macho. Mwambie mapema: 'Hatua kumi mbele kuna ukingo.' Mwambie na mazuri pia. Barabara si mashimo tu. Tena mmeongeza umbali haraka mno. Ongezeni kilomita moja au mbili kwa wiki. Fanyeni hivyo wiki tatu, na wiki ya nne mpunguze. Mwili hujengeka unapopumzika. Uchovu wa kawaida msiuogope, huisha kwa usingizi. Lakini maumivu yanayochoma mahali pamoja, yanayozidi kila hatua, hayo ni ya kusimama. Msikimbie nayo."

Mke wa Haloo aliuliza kwa sauti ndogo, "Na maji?"

"Unampa kiasi gani?"

"Jagi. Mara moja. Kabla hajatoka."

"Lo! Maji ni mazuri, lakini mengi kupita kiasi humdhuru mkimbiaji, hata kumlaza hospitali. Wachukue chupa ndogo. Anywe akisikia kiu, funda moja, mawili. Na ale kitu chepesi alichozoea, saa mbili hivi kabla ya kukimbia."

"Kumbe nilikuwa namzamisha mume wangu."

"Ulimpenda kwa ndoo," alisema nesi. "Sasa mpende kwa kikombe."

Njiani kurudi walifika kwenye kona ya nyumbani. Hapo mke wa Haloo akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Ni kama kufuma. Ukivuta uzi sana, sweta linakaza. Linakuwa zuri kulitazama, lakini halivaliki."

"Kwa hiyo kamba...?" aliuliza Haloo.

"Kamba iko msumarini."

Wiki mbili zilipita. Goti lilipona. Nesi aliligusa, akalikunja, akalikunjua, akasema liko tayari. Jumamosi jioni mke wa Haloo alikaa kwenye mashine yake, akafungua dirisha.

"Zungukeni nyumba," aliamuru. "Shikaneni mikono. Mimi nafuma, nasikiliza."

Wakazunguka. Walipopita dirishani mara ya kwanza akaita, "Paukwa!"

"Pakawa!" walijibu wote wawili.

Mara ya nne. "Paukwa!"

"Pakawa!"

Mara ya kumi na mbili alimshtukiza mdogo wake. "Paukwa!"

"Pakawa, dada, na hilo sweta mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine!"

Mashine ilisimama. Kisha kikasikika kicheko ambacho Haloo alikuwa hajakisikia kwa wiki mbili. Asubuhi ya Jumapili alipapasa meza akitafuta kikombe cha chai. Kando ya kikombe, vidole vyake vilikuta uzi mzito, vitanzi viwili, umefuliwa, umenyooshwa.

Hapo ndipo mbio zikafanana na ndoto.

Tarishi aliiacha saa nyumbani. Walitoka mji ukiwa bado unapiga miayo. Walikwenda taratibu hata mbwa waliona haya kuwabwekea. Na Tarishi akaanza hadithi.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hapo zamani, shemeji, kulikuwa na barua isiyo na anwani. Ilikaa chini kabisa ya mfuko wa tarishi. Hatua ishirini mbele tunapinda kulia. Siku moja ikachoka kukaa. Ikaruka nje, ikasema, nitamtafuta mwenyewe mtu wangu. Sasa, pinda. Ikafika kwenye mlango huu hapa, mkono wako wa kushoto, mlango wa buluu."

"Buluu ya namna gani?"

"Buluu iliyofifia, kama shati la kazini lililofuliwa sana. Barua ikabisha. Akatoka mzee. Barua ikamuuliza, 'Mimi ni wako?' Mzee akaipima mkononi. Akasema, 'Yangu itakuwa nzito zaidi. Lakini kaa kidogo, unywe chai.' Ukingo, hatua tano. Nne. Tatu."

Haloo aliinua mguu, akapita. Mlango wa buluu ulibaki kichwani mwake, umewaka kama taa.

Kila Jumapili barua ilikwenda nyumba chache zaidi, na wao waliongeza kilomita moja au mbili. Barua ilibisha kwa fundi wa saa, ambaye saa zake zote zilikuwa na majira tofauti. Ilibisha kwenye tanuri la mikate, na harufu yake Haloo aliijua kabla hajaambiwa. Ilibisha kwenye lango la shule siku ya mapumziko, na hakukuwa na mtu, ila kengele. Tarishi alizijua nyumba zote. Alijua nani amepaka rangi, nani ameweka ua dirishani, nani ameondoka. Mtaa kwa mtaa, mji ulirudi machoni mwa Haloo. Haukuwa mji ule wa miaka saba iliyopita. Ulikuwa mpya, na ulikuwa unatembea.

Wiki ya nne walipunguza, na barua ikapumzika juu ya ukuta, ikiota jua. Mara nyingine jibu lilitoka "Pa...", wakapunguza mwendo. Mara mbili halikutoka kabisa. Wakatembea, wakanywa funda moja moja, wakaendelea. Walipopita pale alipoanguka, Haloo aliomba wasimame. Alimpa mfagiaji kofia mpya ya sufu, kazi ya mkewe.

"Mikono yote sawa?" alinong'ona Tarishi.

"Kofia haina mikono, shemeji."

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe walikimbia kilomita thelathini, mbio ndefu kuliko zote. Walirudi wamechoka, lakini wazima. Baada ya hapo nesi akawaambia wapunguze umbali kila wiki. Tarishi alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Tutasahau kukimbia!"

"Hamtasahau," alisema nesi. "Mbegu mkishaipanda, msiifukue kila siku kuitazama."

Siku ikafika. Viatu vilikuwa vile vile vya Jumapili zote, na soksi zile zile. Nesi alikuwa amewaonya wasijaribu kitu kipya siku ya mbio. Watu walikuwa wengi, wote wakihema na kucheka kwa pamoja. Mke wa Haloo aliwafunga vitanzi mwenyewe. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Nitawangoja mwishoni," alisema. "Mwenzangu, unirudie mzima. Mengine sitaki."

Walipoanza, wakimbiaji waliwapita kama maji yanavyolipita jiwe. Tarishi akachangamka. Haloo akasikia hatua zake zikikimbilia mbele.

"Paukwa," alisema Haloo.

"Pa... sawa, sawa, shemeji. Nimesikia."

Wakarudi mwendo wao. Kilomita kumi. Ishirini. Thelathini. Njia ilipita mitaa yao ya Jumapili, na milango ikawasalimu. Lakini walipopita kilomita ya thelathini na nne, Haloo aliisikia tena ile pumzi ya msumeno.

"Paukwa, shemeji."

Kimya.

"Paukwa."

Kimya. Halafu kikatoka kitu kidogo, kama kilio cha mtu asiyetaka kusikika.

Haloo akaacha kukimbia, akaanza kutembea. Kamba ikalegea.

"Usisimame!" Tarishi alihema. "Nitakuharibia... ndoto yako."

"Ndoto yangu haina haraka. Kuna mahali panapouma?"

"Hapana. Miguu... imeisha tu."

"Kizunguzungu?"

"Hapana."

"Basi kunywa kidogo. Kula hiyo ndizi ya mfukoni. Kutembea si aibu."

Wakatembea. Mzee mmoja aliyekuwa akikimbia nyuma yao aliwapa kipande cha chungwa, akapita bila neno. Haloo alisubiri mpaka pumzi ya shemeji yake ikapata nafasi.

"Wewe niambie ukingo na mashimo," alisema. "Mengine niachie. Leo nasimulia mimi. Paukwa!"

"Pakawa," alijibu Tarishi, polepole, lakini lote.

"Barua isiyo na anwani ilikuwa imechoka. Ilikuwa imebisha mji mzima. Hapa kushoto ni tanuri, nasikia harufu. Mwoka mikate akaiambia, 'Usikate tamaa, bado milango michache.' Baada ya tanuri kuna mteremko mdogo, sivyo?"

"Upo. Hatua... kumi na tano."

"Barua ikateremka. Ikaanza kukimbia. Taratibu."

Wakaanza kukimbia, taratibu. Akamwambia habari za mlango wa buluu, uliofifia kama shati la kazini. Akamwambia habari za ua la dirishani. Asiyeona alimwonyesha anayeona njia ambayo Tarishi mwenyewe alimfundisha, na Tarishi akasahau miguu yake. Walitembea tena kilomita ya thelathini na nane, kidogo. Kisha wakaendelea.

Walipofika, waandaaji walikuwa wameanza kukunja meza. Makofi yalikuwa machache. Lakini katika machache hayo Haloo alisikia viganja viwili anavyovijua, vigumu kwa uzi.

"Hatua tano," alisema Tarishi. "Nne. Tatu. Mbili. Shemeji, umepita."

Mke wa Haloo alimshika mumewe uso kwa mikono yote miwili. Akamgusa kidevu, akamgusa viganja, akainama akagusa magoti. Vyote vilikuwa vizima.

"Na ile barua?" Tarishi aliuliza, amekaa chini, miguu ameinyoosha. "Dada, huyu hakumaliza hadithi."

"Ilifika," alisema Haloo. "Ilisikia mashine inalia, kra-kra, kra-kra. Ikabisha. Akatoka mfumaji. Ikamuuliza, 'Mimi ni wako?'"

"Akajibu nini?" aliuliza mkewe.

"Hakujibu. Aliifungua."

"Ilikuwa imeandikwa nini?"

"Maneno mawili tu," alisema Haloo. "Nimefika salama."

Mkewe alimwinamia Tarishi. Alivua kitanzi kwenye mkono wa mdogo wake aliyechoka, akakivaa mwenyewe. Kisha akaanza kumtembeza mumewe kuelekea nyumbani. Baada ya hatua chache akakohoa kidogo, kama mtu mgeni kwenye kazi.

"Mbele kuna ukingo," alisema. "Na juu ya ukingo kuna njiwa. Mweupe. Hatua... ngoja nihesabu."